Naomba ushauri: vifaranga wa kware wananifia usiku

Habari zenu wakuu. Niko Moshi, Majengo. Nilitotolesha mayai 60 ya kware kwa mashine, joto nyuzi 37.5, siku ya 15 nikaacha kugeuza. Siku ya 17 na 18 wakatoka 41, wadogo kama kidole gumba. Nilifurahi mno!

Shida ni baridi hii ya Julai. Umeme ukikatika usiku wanarundikana, wanakandamizana, asubuhi naokota waliokufa. Wamebaki 26, na inaniuma kweli. Kwenye maji nimeweka kokoto wasizame. Chakula nawasagia stata ya kuku wa nyama.

Je, chungu cha mkaa ni salama kwenye boksi la futi 4, au moshi utawamaliza? Mnaofuga huku kwenye baridi, mnafanyaje? Naombeni majibu kabla giza halijaingia.