Naomba ushauri: mistari ya kumi kumi kwenye kitambaa cha kudarizi

Habari zenu wadau. Nadarizi mishono ya msalaba ya kuhesabu kwenye kitambaa cha Aida (kile chenye matundu yaliyopangwa sawasawa), matundu 14 kwa inchi. Picha niliyonayo sasa ni mishono 180 kwa 240, kwa hiyo bila mistari ya kuhesabia, mmoja kila baada ya matundu kumi, siiwezi. Niliwahi kujifanya najua, sikuchora kitu. Nikaruka tundu moja tu na ua zima likahama. Nilifumua jioni mbili!

Baadaye nikanunua kalamu ya buluu inayotoka kwa maji. Kosa langu (nacheka sasa, siku ile sikucheka) nilipiga pasi kabla ya kufua. Joto likaigandisha rangi, mpaka leo ipo.

Safari hii nimepitisha uzi wa kushonea kila baada ya matundu kumi. Unaonekana vizuri, ila sindano inautoboa katikati, kisha ukiuvuta hautoki, unakatikia ndani ya mishono.

Je, kuna aliyetumia mshipi mwembamba wa kuvulia samaki badala ya uzi? Nasikia hautoboki. Ncha zake mnazifungaje zisichomoke? Na mnaanzia katikati ya kitambaa au pembeni?