Mada: Meseji za mkato kazini, Poland

Kutoka: mgeni wa Wrocław
Wakubwa shikamooni. Nimeanza kazi ghalani. Supavaiza anaandika mkato mtupu, programu ya kutafsiri inatapatapa. Leo kaniandikia "nwm, bd jutro". Na ukutani kuna "pn.–pt., godz. 6". Nisaidieni.

Kutoka: dada wa Łódź
Marahaba mdogo wangu. Nwm ni nie wiem, sijui. Bd ni będę, kwa hiyo anasema atakuwepo kesho. Utakutana pia na zw (zaraz wracam, narudi sasa hivi), wgl (w ogóle, kwa ujumla au kabisa) na pzdr, salamu za mwisho wa meseji. Siema (mambo), spoko (poa) na nara (kwaheri) husemwa hata kwa mdomo. Wewe zielewe tu, usikimbilie kuzitumia. Mwenye nyumba na watu wa ofisini waandikie Dzień dobry (habari za mchana) kamili, na Pan (bwana) au Pani (bibi). Siema kwa mzee usiyemjua ni sawa na kumpita babu wa watu kwa "oya".

Ya ukutani ni rahisi: Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi kwa saa zetu. Kwenye anwani, "ul. Długa 12 m. 5" ni mtaa wa Długa, nyumba namba 12, fleti ya 5; wengine huandika 12/5. Ukiisahau hiyo 5, mleta kifurushi atazunguka ngazi zote akikulaani.

Kutoka: kaka wa Kraków
Ofisini kwetu Kiingereza nacho kimeingizwa humohumo: kazi ya haraka iko "na asapie", kutokana na ASAP, yaani haraka iwezekanavyo.

Ila mdogo wangu, unachopaswa kukijua kabla hujaumwa ni L4, cheti cha daktari cha kukosa kazi kwa ugonjwa. Watu wote husema hivyo, lakini hilo ni jina la fomu ya zamani. Siku hizi daktari anaandika e-ZLA kwenye kompyuta, inakwenda yenyewe ZUS, ofisi ya bima ya jamii; wewe taja PESEL yako, namba yako ya utambulisho. Bosi mjulishe hata hivyo, usizidishe siku ya pili. Halafu tazama mkataba wako. Kama ni UoP, yaani umowa o pracę, mkataba wa ajira, bima ya ugonjwa imo. Kama ni zlecenie, mkataba wa kupewa kazi bila ajira kamili, bima hiyo ni ya hiari, na usipoichangia L4 haikuletei hata złoty moja. Waulize watu wa kadry, ofisi ya wafanyakazi, kama unakatwa "chorobowe", mchango wa bima hiyo.

Kutoka: mgeni wa Wrocław
Asanteni sana. Mimi ni zlecenie. Kesho naanzia kadry.