Mashine ya kushtua moyo shuleni kwa mwanangu imefichwa kabatini kwa sababu "inapiga kelele"!

Wakuu, salaam. Nina hasira, mtanisamehe nikirukaruka.

Niko England huku kaskazini, mwaka wa kumi na moja sasa. Kijana wangu yuko sekondari ya serikali, namba sita ya timu ya shule. Alhamisi nimekwenda kusaini fomu ya safari, nimekaa mapokezi nasubiri, nasikia kitu kinalia. Pii. Kimya. Pii. Kama simu inayokata chaji. Nikamuuliza dada wa mapokezi, hicho ni nini? Akacheka kidogo, eti ni ile mashine ya kushtua moyo, ina wiki kadhaa inalia hivyo. Ilikuwa ukutani, lakini inasumbua watu wakiwa kwenye simu, ndiyo wakaihamishia kabatini.

Kabatini! Chini ya rimu za karatasi!

Nikaomba niione. Akanitolea bila hiyana, maskini, yeye hana kosa. Kitaa kinachotakiwa kuwaka kijani ni chekundu, betri inakufa. Pakiti ya pedi (msicheke, ndilo jina lake, zile za kubandika kifuani) imepitwa na tarehe miezi mitano. Na tarehe ile si kama ya kwenye pakiti ya chumvi. Pedi zina jeli, ikikauka hazishiki ngozi, na zisiposhika mashine haisomi moyo unavyopiga. Isiposoma haitoi shoti, maana haimpigi mtu kiholela, inatafuta kwanza moyo unaotetemeka ovyo badala ya kusukuma damu. Bila pedi nzima hilo ni boksi la plastiki tu.

Kila dakika inayopita bila kubonyezwa kifua wala shoti, nafasi ya kupona inashuka kwa karibu asilimia 10. Gari la wagonjwa, kwa dharura za juu kabisa, lengo lao ni wastani wa dakika 7. Pigeni hesabu wenyewe.

Sasa njooni kwenye hela. Mwaka 2011 kule Liverpool mtoto wa miaka 12, Oliver King, moyo ulisimama akiogelea shuleni, akafariki. Baba yake, Mark King, alizunguka akigonga milango ya wakubwa zaidi ya miaka kumi. Julai 2022 ndipo serikali ikaahidi kila shule yake ya England itapata mashine, na kufikia katikati ya 2023 zaidi ya 20,000 zilikuwa zimeshapelekwa. Zikatajwa pauni milioni 19. Mimi mwenyewe nilishangilia, sikatai.

Lakini pedi na betri za kubadilisha wakaachiwa shule zijijue! Kununua ng'ombe wamenunua wao, majani tafuta mwenyewe. Nikapanda kwa mhasibu wa shule. Jibu lake: hakuna fungu, ameshaweka maombi ya mwaka wa fedha ujao. Usiku nikatafuta bei mtandaoni. Pedi pauni 64, betri 190. Shule ina watoto 1,200, kwa hiyo ni kama peni 21 kwa kichwa, tena vitu vyenyewe vinakaa miaka. Soda ni ghali kuliko hiyo.

Ijumaa nikampigia, nikamwambia basi natoa mimi, nipe namba ya akaunti. Eti mchango wa mzazi mmoja kwa kifaa cha tiba lazima upite kwa bodi. Bodi inakaa Novemba.

Najua mtakuja hapa na "mkuu shukuru, huku hata panadol hakuna". Nimesoma huko, nakumbuka sanduku letu la huduma ya kwanza lilikuwa na mkasi na chupa ya spiriti iliyokwisha. Lakini kukosa ni kitu kimoja, na kuwa nacho ukakiacha kife chini ya makaratasi ni kingine kabisa. Na yule atakayesema watoto hawapati haya, mbali na huyo wa Liverpool, amkumbuke Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa. Machi 2012, White Hart Lane, miaka 23, mchezaji wa kulipwa anayepimwa kila leo, kaanguka katikati ya mechi na moyo haukupiga kwa dakika 78. Yuko hai kwa sababu waliomkimbilia walikuwa na vifaa vinavyofanya kazi.

Kinachonikereketa kuliko vyote ni hiki. Tangu Septemba 2020 sekondari za huku zinatakiwa kuwafundisha watoto kuokoa mtu aliyesimama moyo. Wangu amefundishwa kwa mdoli, katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mmoja anatumwa mbio kuleta mashine. Nimemuuliza jana usiku, ukitumwa wewe unakimbilia wapi? Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Si pale ukutani mapokezi, baba, kuna kibao."

Kibao kipo kweli. Cha kijani, kina mchoro wa moyo na radi. Chini yake kuna misumari miwili tu.

Jumamosi wana mechi nyumbani. Mlio huku, mkiwapeleka watoto ulizeni tarehe ya pedi, halafu mrudi hapa mniambie mmekuta nini.