Naomba ushauri: Mbwa wa kuchunga kondoo apelekwe kwa nani?

Ndugu wanachama, naomba ushauri wenu kuhusu mbwa jike wa aina ya Border Collie, ambaye nimekabidhiwa na kituo cha kuokoa wanyama hapa Nairobi nimtunze hadi apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja. Mbwa hawa walikuzwa mpakani mwa England na Scotland kwa ajili ya kukusanya kondoo malishoni, na kazi hiyo imo katika damu yake: huinama, hukaza macho, kisha huwazunguka watoto wa jirani na kuwauma visigino wanapokimbia. Si mkali hata kidogo, ila watoto wanamwogopa na ua wetu haumtoshi.

Wamejitokeza watu wawili. Mfugaji wa kondoo huko Molo ana malisho mapana, lakini amezoea kuwapa mbwa wake ivamektini ya mifugo, dawa ambayo baadhi ya mbwa wa jamii ya collie, kwa sababu ya kasoro ya kurithi, hudhurika nayo vibaya na hata kufa. Mwingine ni mama mstaafu anayeishi mtaa wa Karen hapa Nairobi, mwenye bustani kubwa na muda wa kumfundisha, ila hana mifugo.

Mimi naelekea kumchagua mfugaji, mradi akubali kumwona daktari wa mifugo kabla ya kutoa dawa yoyote. Je, mliowafuga mbwa hawa mmeona wakitulia bila mifugo, wakipewa mazoezi ya kutosha? Na ni masharti gani niyaandike katika makubaliano, ili arudishwe kwangu endapo atashindwa kuzoea?