Naombeni ushauri: preludi ya Chopin kwa tromboni nne

Mpuliza: Wakuu, nimekwama. Naipanga Preludi namba 4 ya Chopin, Opus 28, kile kipande kifupi cha piano, iwe ya tromboni nne. Mkono wa kushoto una akodi za noti tatu tatu, wa kulia melodi peke yake, kama vile aliiandika kwa ajili yetu. Ila ikipigwa, melodi inamezwa. Onyesho liko karibu na silali. Nifanyeje?

Noti Nyeusi: Iko kii gani, na melodi umeiweka oktava ipi?

MwanaKwaya: Kwani lazima muziki wa piano uguswe? Tuheshimu kazi za watu. Mwalimu wetu aliwahi kuchukua wimbo wa sauti nne akaufanya wa vinanda vitupu, mpaka leo sijamsamehe.

Besi Mzito: @MwanaKwaya preludi hiyohiyo ilipigwa kwa ogani kwenye mazishi ya Chopin mwenyewe, 1849. Mleta mada, zitafute Equale tatu za Beethoven za 1812, ni vipande vifupi vya tromboni nne. Angalia sauti za chini alivyozipangilia.

Mpuliza: Ni E maina, kama alivyoandika. Melodi nimeishusha oktava, ile B ya juu inatesa midomo. Kii sibadilishi, nakala nimeshachapa.

Noti Nyeusi: Ugonjwa ndio huo. Akodi ya kwanza ni G, B, E. Ukiishusha melodi oktava, B yake inaangukia juu ya B ya mwenzake, itasikikaje? Irudishe melodi oktava yake, kisha shusha vyote pamoja terti kubwa, yaani nusu toni nne, uende C maina. Melodi inaanzia G, juu ya kila mtu. Na zile akodi za kurudiarudia zipulizwe kwa wepesi: kwenye piano ikishagongwa inafifia yenyewe, tromboni haififii mpaka mpulizaji aamue.

Mpuliza: Rangi ya E maina itapotea. Na mwisho wetu ni mtamu mno: tromboni ya nne inashuka hadi B ya chini kabisa, inatoka safi. Zote ni tromboni za tena (tenor) za kawaida, hazina valvu ya kushusha sauti zaidi.

Besi Mzito: Hapo nimeshtuka. Tromboni ya tena isiyo na valvu ikifika E ya chini slaidi, lile bomba la kuvuta, imekwisha; inayofuata ni pedali, noti ya msingi ya bomba, ya B bapa, nusu toni chini ya B yako. B yako iko kwenye pengo. Hii chai. Uliisikia wapi?

Kijana wa Nyuma: Nimevuta kiti 😂

Mpuliza: Siyo chai! Niliisikia kwenye programu ya kuandikia noti. Wenzangu bado sijawapa nakala. Lakini programu inasoma kilichoandikwa.

Noti Nyeusi: Inasoma, ila haina mapafu wala slaidi. Pima hii: kwenye kii yako, B kwenda C ni pozisheni (mahali pa slaidi) ya 4 kwenda ya 3, harmoniki moja, yaani ngazi ileile ya midomo. Bila ulimi laini noti inateleza. Kwenye C maina, G ni pozisheni ya 2 na A bapa ni ya 3, harmoniki tofauti. Slaidi inatoka huku sauti inapanda, noti zinaungana bila kuteleza.

Mpuliza: Hiyo ya G na A bapa imeniingia. Sauti ya kwanza naiandika upya usiku huu. Zile tatu za akodi nazo lazima nizichape tena?

Noti Nyeusi: Zote, mkuu. Na ya nne umalizie oktava ya juu.