Naomba ushauri: aliyetudhulumu amerudi, hana pa kulala

Shalom wapendwa. Mimi na mke wangu tunaishi Umoja, Nairobi, chumba na sebule, na watoto wawili. Miaka mitatu iliyopita mweka hazina wa chama chetu alitoroka na akiba ya wote. Zetu zilikuwa shilingi 38,000, karo ya kifungua mimba wetu. Mwezi jana amerudi, amepooza upande mmoja. Kodi ilimshinda, akafungiwa nyumba. Sasa analala na binti yake wa miaka 6 kwenye kibanda cha mama mboga karibu na ploti yetu.

Nimeokoka, na Luka 10, mfano wa Msamaria mwema, naijua tangu utotoni. Ila sikuwahi kutulia pale Msamaria anapotoa dinari mbili, ujira wa kibarua wa siku mbili, kisha anaahidi kulipa zaidi akirudi. Aliacha deni wazi, kwa mtu asiyemjua! Hilo linaninyima usingizi.

Mke wangu anasema tuwape chakula, lakini wasilale kwetu. Simlaumu. Ndiye aliyeililia karo ile, na ndiye atakayemwosha mgonjwa nikiwa kazini Industrial Area. Sadaka yangu ikibebwa na mgongo wake, ni yangu kweli?

Nawaza tumchukue mtoto kwanza, baba nimlipie chumba cha mabati Kayole kwa miezi miwili. Au huko ni kukwepa msalaba?

Mliowahi kumpokea aliyewaumiza, mlikubalianaje nyumbani? Na watoto mliwaambia nini?