Fundi kanila 75,000 ya kibodi, kumbe betri imeumuka kama andazi!

Wakuu, nina hasira. Nivumilieni nizimwage hapa, maana nyumbani wameshachoka kunisikiliza.

Nina steshenari ndogo Mbagala. Nachapa barua za maombi ya kazi, risala za harusi, mihutasari ya vikao, kila ukurasa shilingi 1,000. Laptopu ni moja, ya mtumba, na ndiyo inayolipa kodi ya fremu. Mwezi uliopita akina mama wa kikoba wakaniletea katiba yao, kurasa 14 za mwandiko wa mkono, wanaitaka Jumamosi. Jumatano asubuhi herufi A ikagoma.

Ingegoma Q au X huenda nisingejua mpaka leo, Kiswahili kina kazi nazo gani? Lakini A! Kifungu cha faini kikatoka hivi: "Mwnchm tkyechelew ttozw fini." Nikanakili A moja kutoka kwenye faili la zamani, basi kila inapohitajika nabonyeza Ctrl na V. Kurasa tatu hivyo, vidole vikafa ganzi. Baadaye nikakumbuka kibodi ya kwenye skrini, ile inayofunguka ukibonyeza Windows, Ctrl na O kwa pamoja, nikawa nadonoa A kwa mausi. Jumamosi nikawapa katiba nusu na kuomba radhi. Mama Mwenyekiti hakusema neno. Aliniangalia tu.

Jumatatu nikaenda Kariakoo kwa fundi niliyeelekezwa. Duka silitaji. Akaibonyeza A mara mbili, hakufungua hata skrubu moja, akasema: "Bosi, kibodi imekufa. Elfu sabini na tano, nusu saa unaondoka nayo." Nikalipa. Nusu saa ikawa siku nne. Nilipoifuata nikaomba kibodi yangu ya zamani, akasema wameshaitupa. Sikubishana, A ilikuwa inaandika.

Siku ya kumi na moja, nachapa risala ya send-ofu, A ikaanza kujiandika yenyewe. Sijagusa kitu, skrini inajaa aaaaaaaaa kama mtu yuko kwa daktari wa meno. Na ile sehemu ya kuteleza kidole, inayotumika badala ya mausi, ikawa haibonyezeki, ngumu kama sakafu. Nikarudi na risiti yangu iliyoandikwa waranti mwezi mmoja. Jamaa akaitazama sekunde kumi: "Kaka, hii umeimwagia maji. Maji hayamo kwenye waranti. Yameshaingia mpaka mazabodi, andaa laki mbili na ishirini."

Maji gani, tena mpaka mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani? Kwenye ile meza hata chai siruhusu!

Hapo ndipo nikaamua kupima mwenyewe, na niwaambie, vipimo vyote havikunigharimu hata mia. Nimeazima kibodi ya USB kwa jirani, nikachomeka. Ya nje inaandika A safi, huku ya ndani inaendelea kumwaga zake. Nikazima, nikawasha na kuingia BIOS, ile mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguka kabla Windows haijaamka, nikasimama kwenye kisanduku cha nywila bila kugusa chochote. Nukta zikajaa zenyewe. (Ukijaribu hili, toka bila kuhifadhi, usije ukajifungia nje.) Basi si Windows, si virusi, si dereva, ile programu inayoendesha kibodi. Kuna kitu kinaibonyeza kweli kweli.

Nikaifunga, nikaiweka juu ya kioo cha meza. Ikacheza. Kona moja juu, kona moja chini, kama kigoda kibovu. Nikageuza, nikafungua skrubu za chini, na mwenyewe nikaogopa. Betri imeumuka kama andazi, imesukuma kibodi kutoka chini na kukibana kile kisehemu cha kuteleza kidole. Nikaitoa polepole bila kuichokonoa, nikaipeleka nje kwenye ndoo ya mchanga mkavu. Nikawasha laptopu kwa chaja peke yake. A ikatulia. Ngumu kidogo, lakini inaandika, na hiki mnachosoma nimekiandika kwa kibodi hiyo hiyo.

Sasa sikilizeni kinachonichoma. Kwenye laptopu ya aina yangu kibodi haitolewi kwa juu. Imebanwa kwenye kava la juu kwa vipini vya plastiki, na kuifikia lazima ufungue chini, utoe betri, utoe mazabodi, ndipo uikute. Maana yake, kama kweli alibadilisha kibodi, ile betri aliishika kwa mikono yake. Betri haiumuki kwa usiku mmoja. Aliiona, akairudisha palepale, akafunga skrubu, akanikabidhi nikalale nayo chumba kimoja na watoto! Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto. Na kama hakuiona, basi hakufungua kitu, na 75,000 yangu ilikwenda kwenye kibodi gani? Mnisaidie kuchagua, maana mimi yote mawili yananiumiza.

Mafundi wa namna hii hawatafuti ugonjwa, wanauza spea. Kuna mwalimu alikuja kwangu wiki iliyopita, katozwa 30,000 ya "kuondoa virusi" kwa sababu akibonyeza U, I, O anapata 4, 5, 6, na J, K, L zinatoa 1, 2, 3. Wakaichukua usiku mzima! Ile ni Num Lock tu imewaka. Kwenye laptopu ndogo zinazobana namba ndani ya herufi, unabonyeza Fn na kitufe cha Num Lock, kwisha. Mwingine kibodi yake haiandiki mpaka ashikilie kitufe kwa muda, ameambiwa anunue mpya. Kumbe aliegemea Shift ya kulia sekunde nane, Windows ikataka kuwasha kichujio cha vitufe (Filter Keys), kinachopuuza mibonyezo ya haraka, akabonyeza kukubali bila kusoma. Unaizima kwenye mipangilio. Dakika moja.

Siwalaumu mafundi wote. Yupo mmoja hapa mtaani, aliwahi kunisafishia mabaki ya soda kwa spiriti na mswaki, akanitoza 5,000 na kunionyesha uchafu wenyewe.

Nyongeza, saa 3 usiku: Mnaosema niibebe ile betri nikamwekee mezani kwake, mimi na betri iliyovimba ndani ya daladala ya Mbagala saa mbili asubuhi, tumebanana vile? Hapana. Nimeipiga picha pande zote, kesho naenda na picha na risiti. Nataka 75,000 yangu. Akikataa, napeleka malalamiko Tume ya Ushindani, hata kama nitazungushwa.

Anayeuliza kwa nini sikuiona mapema: ilianza kwa kitufe kimoja, na kava la chini lilipanda kidogo kidogo. Mimi naitazama kwa juu siku nzima, ningejuaje? Yeye ndiye mwenye bisibisi.

Wenye uzoefu, mambo mawili. Betri mbovu ya namna hii hapa Dar inapokelewa wapi? Sitaki kuitupa jalalani, watoto wanaokota kila kitu. La pili: kuna yeyote humu aliyewahi kubadilishiwa kibodi Kariakoo akarudishiwa ile ya zamani mkononi?